Mfuko Mmoja kwa Kila Mzazi

Mtoto wangu wa kwanza nilitaka azaliwe bure. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka awe wa kike au wa kiume, na haikuwa kwa sababu ya ukata. Fedha zilikuwapo. Mama mkwe wangu alikuwa akiuza ndizi za jumla kule shimoni, chini ya soko la Kariakoo, na malori yakitoka Moshi yalimwulizia yeye kwanza. Mama yangu mzazi alikuwa na nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na marehemu baba, hapo hapo Kariakoo upande wa kuelekea Mnazi Mmoja, na wapangaji wake walitoa kodi bila kusumbua kwa sababu waliuogopa ulimi wake. Wote wawili walikuwa tayari kugharamia uzazi ule mpaka senti ya mwisho. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Niseme kwanza tulivyokuwa. Mume wangu ni mtu wa Kilimanjaro, Mkristo, wakati huo akiwa fundi umeme katika shirika la umma. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa mjini, nikipiga chapa katika ofisi iliyopakana na yao. Yeye hakutaka kusilimu, mimi sikutaka kubatizwa, tukaenda bomani tukaoana mbele ya ofisa aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nyumba zote mbili zilinuna. Kisha, zilipoona kununa hakusaidii, zikatununulia samani.

Kitanda chetu alikinunua mama yangu. Kwa hiyo kilikaa pale mama alipotaka kikae, na kila alipokuja kututembelea aliingia chumbani bila kubisha hodi kuhakikisha hatujakisogeza. Meza na viti alinunua mama mkwe, na juu ya kila kiti akatandika kitambaa alichofuma mwenyewe. Siku moja niliviondoa ili nivifue, akaja ghafla, akaangalia viti vikiwa vitupu, akasema taratibu, "Kumbe havikupendezi." Nilivirudisha vikiwa bado na unyevu. Katika nyumba yangu mwenyewe nilikuwa nakaa kwa watu wawili, na kodi ilikuwa ni kusema ndiyo.

Tumbo lilipoonekana, mambo yakapanda. Kwetu pwani, mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Mama ndiye anayemtafuta mkunga, anayemkanda binti yake kwa maji ya moto, anayemlisha na kumfunga tumbo kwa mkaja mpaka arobaini iishe. Kwa kina mume wangu, mzazi ni wa ukoo wa mume. Mama mkwe ndiye anayempikia mtori wenye samli, miezi mitatu mzazi hagusi jembe wala sufuria, na mbuzi anachinjwa kwa ajili yake. Ungedhani mwanamke aliye katikati ya mila mbili nzuri namna hiyo amebarikiwa. Lakini kila upande uliamini, na kusema waziwazi, kwamba atakayegharamia ndiye mwenye neno. Neno lenyewe lilikuwa jina la mtoto. Na jina lingempeleka msikitini au kanisani kabla hajajua kushika titi vizuri.

Sikutaka achukuliwe na upande wowote. Nilitaka jina litoke kwangu na kwa baba yake, likae juu yake kama ngozi yake, asidaiwe na mtu. Mume wangu alikubaliana nami tukiwa wawili. Akienda kwao aliitika ndiyo, akija kwetu aliitika ndiyo. Nampenda sana mume wangu, lakini katika mwaka ule angekuwa ni mlango, angekuwa ule unaofunguka pande zote.

Siku moja mama mkwe alikuja nyumbani kwa mama na mkungu wa ndizi, akakaribishwa barazani, wakaulizana hali za watoto wote na za magoti. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani nikichambua mchele.

"Mkwe," mama mkwe akaanza, "mimi na mzee tumeshaongea. Huyu atapelekwa Moshi, hospitali ya misheni. Tunalipa sisi, kila kitu."

"Ahsante, mkwe," mama akasema. "Lakini hii ni mimba yake ya kwanza. Inazaliwa hapa, mikononi mwangu. Na mkunga nimeshamlipa."

"Umeshamlipa?"

"Tangu mwezi jana."

"Basi tutakurudishia."

"Kwani nani kadai?"

Waliendelea hivyo kwa adabu kubwa, kila mmoja akimbembeleza mwenzake asihangaike, na adabu ile ilinitia hasira kuliko matusi. Nikaweka ungo chini. Nikasema nitazaa hospitali ya serikali, ambako halipi mtu yeyote.

"Mjukuu wangu wa kwanza," mama mkwe akasema, "azaliwe bure?"

"Na wazee wake wazima!" mama akadakia. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamekubaliana juu ya kitu.

Neno bure tulikuwa tumelisikia sana. Tuliambiwa mikutanoni na redioni kwamba taifa ni familia moja na matibabu ni ya wote, tukapiga makofi, nami nilipiga bila kuwaza zaidi. Tumbo ndilo lililonifanya niwaze. Bure haina maana kwamba hakuna anayelipa. Analipa mkulima wa pamba wa Shinyanga ambaye hajui kama nimezaliwa. Analipa mnywa bia kwa ushuru wa bia yake. Nalipa mimi mwenyewe kwa kodi inayokatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Uzuri wake ni kwamba hao wote hawatakuja kukaa sebuleni kwangu na kuuliza mtoto anaitwa nani. Nilipolifikia wazo hilo nilijisikia mwepesi, nikawa naona ile hospitali yenye rangi iliyobambuka kama mahali pekee mjini ambapo ningekuwa mtu huru.

Siku hizi watu wanabishana redioni kuhusu nani agharamie matibabu, serikali, mgonjwa, bima au ndugu. Wanazungumzia fedha zitoke wapi, na ni swali la haki. Lakini mimi huwa nasubiri mmoja wao aulize pia huyo atakayetoa atataka nini baadaye. Hawaulizi, nakasirika, nazima redio.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sipendi kusifia kitu nusu. Miaka ile bure yenyewe ilikuwa imeanza kuchakaa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na hata kiberiti ulikificha mgeni asikione. Hospitali ilikupa mkunga aliyesomea kazi yake, dawa ikiwapo, na nusu ya kitanda. Vingine mzazi alikwenda navyo: wembe mpya, uzi, pamba, sabuni, kanga za kumpokelea mtoto. Hakuna aliyeviita malipo. Tuliviita vifaa.

Mama zangu wawili wakaona mwanya. Kama hospitali hailipiwi, basi vifaa vinanunuliwa, na atakayevinunua ndiye atakayekuwa amegharamia. Kila mmoja akafunga mfuko wake. Wa mama ulikuwa na kanga mpya zilizokwisha kulowekwa zikalainika, mafuta ya nazi, mvuje wa kumfunga mtoto asidhurike, na wembe na pamba alivyopata kwa mwenye duka wa Kiarabu, jirani yake wa siku nyingi, aliyemtolea chini ya meza. Wa mama mkwe ulikuwa na shuka nzito za kutoka Moshi, kana kwamba Dar es Salaam kuna baridi, sabuni za mche ambazo hakuna aliyejua amezipata wapi, na wembe na pamba pia. Kila mfuko ulikaa kwa mwenyewe ukisubiri. Nilipoulizwa nitachukua upi, nilisema siku ikifika tutaona. Nadhani nilikuwa nikiomba siku ifike bila wao.

Ikafika hivyo kweli. Asubuhi moja nilikwenda kliniki kwa miguu, mikono mitupu, na kadi yangu tu. Muuguzi akanipima, akanipima tena. "Mama, huendi popote," akasema. "Panda kule leba." Mwanamke wa mtaani kwetu tuliyekuwa naye kwenye benchi aliniahidi kupeleka habari. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kupenda haki, alimwambia mama, kisha akateremka shimoni akamwambia na mama mkwe.

Ya getini nilisimuliwa na mume wangu, ambaye mpaka leo akiisimulia hutazama chini. Alipofika kutoka kazini aliwakuta wamesimama mbele ya bawabu, kila mmoja na mfuko wake. Bawabu alikuwa na neno moja tu. Mfuko mmoja kwa kila mzazi, maana ndani hakuna pa kukanyaga.

"Huu hapa," mama akasema.

"Huo wako, mkwe, tutauleta kesho," mama mkwe akasema. "Leo uingie huu."

"Kesho kuna nini? Mtoto anazaliwa leo."

"Ndiyo maana nikasema uingie huu."

Bawabu akamgeukia mume wangu. "Wewe ndiye baba mtoto? Chagua, ndugu yangu, watu wanasubiri."

Mume wangu hajawahi kuchagua kitu mbele ya mama yake. Akasema, "Tuchanganye. Tutoe humu kidogo na humu kidogo, tutie kwenye mmoja." Hilo lilikuwa jambo la akili kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo, na wote wawili walimrukia. Tuchanganye nini? Wembe wa nani na kanga za nani? Na mfuko utakaobaki ni upi? Wakati wanaulizana hayo, bawabu alitazama saa yake, akafunga geti mpaka jioni. Mifuko miwili ilibaki nje na mimi ndani.

Ndani nilikuwa nimepewa nusu yangu ya kitanda. Nusu nyingine ilikuwa ya mwanamke wa bondeni Jangwani, mkubwa kwangu kidogo, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuuza kitu barabarani. Tulilala kichwa kwa miguu, matumbo yetu yakigongana kila mmoja alipojigeuza. Mumewe alikuwa safarini na ndugu hakuwa nao mjini. Vifaa vyake alivikusanya kimoja kimoja tangu mimba ikiwa changa, akavifunga ndani ya kanga iliyopauka, akaiweka chini ya kichwa kama mto.

"Shoga, mfuko wako uko wapi?" akaniuliza.

"Unakuja."

"Unakuja kwa miguu yake?"

Nilicheka, na kicheko kikageuka uchungu. Muuguzi akaja, akanitazama, akanyoosha mkono. "Mama, vifaa?"

"Vinakuja, sista."

"Mtoto hasubiri vifaa." Hakuwa mkali. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo asubuhi kwa mwingine, akaanza kuangaza macho huku na kule wodini atafute pa kuomba.

Yule mwenzangu wa kitandani alikuwa amekwisha kuvuta furushi lake. Alitoa wembe ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akaukunja kwa vidole mpaka ukakatika katikati, akampa muuguzi nusu. Akachana pamba, akampa nusu. Akakata uzi kwa meno. Halafu akaitazama ile kanga, ambayo haigawanyiki, akaikung'uta na kuitoa yote.

"Na wewe je?" nikamwuliza.

"Wangu bado yuko mbali. Ndugu zako wakija utanirudishia. Haya, nenda, wanakuita."

Nilipiga kelele nilizokuwa nimeapa sitazipiga. Nilimwita mama yangu, halafu, jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi, nilimwita na mama mkwe. Mtoto alikuja mchana, wa kike, na mimi nikashonwa. Waliponirudisha kitandani nilikuwa nimemkumbatia ndani ya kanga ile iliyopauka hata maandishi yake hayasomeki, na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Amezaliwa bila wao! Nilirudia moyoni, amezaliwa bila wao, hakuna atakayenidai.

Furaha hiyo haikudumu mpaka jioni, kwa sababu miguu ya aliyelipa ilikuwa karibu na sikio langu. Hakuwa serikali wala mkulima wa mbali. Alikuwa mtu mwenye nyayo zilizopasuka, aliyetoa nusu ya alichokuwa nacho na kanga yake nzima, na hakuniuliza hata dini yangu. Nikajiuliza inakuwaje nimewakimbia waliokuwa navyo vingi nikaja kulipiwa na asiye na kitu. Sikupata jibu la kunifurahisha. Bure niliyoipenda ilipofika mwisho wa uwezo wake, iliangukia begani kwa maskini aliyekuwa karibu zaidi. Naye alikuwa ameacha kuongea, anapumua kwa pua, anajigeuza.

Jioni geti lilipofunguliwa, bawabu mwingine hakujali mifuko, wakaingia wote wawili, mume wangu nyuma yao. Mama alifika wa kwanza. Alimtazama mtoto, macho yakamjaa machozi, kisha yakaiona kanga. Mama mkwe naye akaiona. Kila mmoja akamgeukia mwenzake.

"Mkwe, kumbe ulipenyeza."

"Mimi? Mimi na kanga kuukuu hii? Nilidhani ni wewe."

"Ni ya huyu," nikasema, nikawaonyesha mwenzangu. Nikawaeleza wembe ulivyovunjwa na pamba ilivyochanwa. Na kwa kuwa nilikuwa na maumivu, na nilikuwa na hasira ya miezi tisa, nikaongeza kwa makusudi ya kuwaumiza, "Mlisema anayegharamia ndiye mwenye neno. Basi muulizeni yeye mtoto aitwe nani."

Nilitaka waone haya. Sikumkumbuka vizuri mama yangu ni mtu wa namna gani. Kwake kanuni ni kanuni, hata ikimkata yeye. Alijifunga kanga yake vizuri, akazunguka kitanda. Mama mkwe hakukubali kuachwa, akamfuata. Wakasimama mbele ya yule mwanamke wa Jangwani kama watu waliokuja kuposa.

"Shikamoo, mama," akasema yule mwanamke, meno yameumana.

"Marahaba, mwanangu. Umetustiri, Mungu akulipe. Sasa tunakuuliza, mtoto tumwite nani?"

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, aone kama wanamtania. Hawakuwa wakitania.

"Mama zangu," akasema, "mimi nimetoa kanga tu. Aliyechanika si huyo hapo? Jina mnaniuliza mimi?" Akashika ukingo wa kitanda mpaka uchungu ukapita. "Ila kanga yangu naiomba. Nami nimeshikwa, na sina nyingine."

Mama yangu alirudi upande wangu kwa haraka ambayo sikuwahi kumwona nayo, akamfungua mtoto, akamlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, akaikunja ile kanga. Kisha akaona damu iliyo juu yake, akaitupa begani kwake, akafungua mfuko wake akatoa zile mpya zote. Mama mkwe alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, ameumwaga wake, huku akimwita sista kwa sauti ile ya shimoni ya kuita wapagazi.

"Wembe upi, mkwe?" mama akauliza.

"Wowote! Lete wowote!"

Pamba za nyumba mbili zikaingia katika kanga moja, na sabuni, na mafuta, na zile shuka za baridi. Wakamshika yule mwanamke huku na huku, wakaanza kumtembeza kuelekea leba, mama akimwambia apumue, mama mkwe akimwambia asiogope. Mume wangu alisimama na mifuko miwili mitupu.

Mlangoni mama akasimama, akanigeukia, mkono wake bado umeshika kiuno cha mtoto wa mwenzie. Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa na upole ule.

"Amesema kweli," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye neno. Haya, anaitwa nani?"

Mama mkwe naye aligeuka kusikiliza, na mume wangu akainua uso. Miezi tisa nilikuwa nimelipigania neno hilo, na majina ambayo nisingeyakubali niliyajua yote, ya upande huu na ya upande ule. Nikafungua mdomo. Mtoto alikuwa uchi kifuani pangu, wote wananisubiri, na mimi sikuwa nimewahi kufikiria jina hata moja.